TUJIFUNZE KWA VOLLARD, MWANA WA KISIWA

Bahari ya Hindi imezaa watu wengi ambao sifa zao zilivuma mbali na pwani walikozaliwa. Mmoja wao, ambaye kwetu hatajwi sana, ni Ambroise Vollard, mfanyabiashara wa picha aliyezaliwa mwaka 1866 mjini Saint-Denis, katika kisiwa cha Réunion kilichoko mashariki ya Madagaska. Tumeona inafaa kuyaeleza maisha yake, kwa kuwa yana funzo kwa kila kisiwa chenye wasanii na kwa kila afisa aliyekabidhiwa dhamana ya kuhifadhi kazi zao.

Vollard alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi. Baba yake alikuwa mwanasheria wa kuandika na kuthibitisha hati, naye akapelekwa Ufaransa asomee sheria. Lakini huko Paris alivutwa zaidi na picha kuukuu za chapa zilizouzwa ukingoni mwa mto Seine, na taratibu vitabu vya sheria vikawekwa kando. Mwaka 1893 alifungua duka dogo katika mtaa wa Laffitte. Mwaka 1895 alifanya maonyesho ya kwanza ya Paul Cézanne peke yake, mzee ambaye wengi walikuwa wakimcheka. Mwaka 1901 akazionyesha picha za Pablo Picasso, kijana ambaye hajatimiza miaka 20, na mwaka 1904 za Henri Matisse.

Biashara hiyo ilimtajirisha, lakini mapenzi yake makubwa yalikuwa juu ya picha za chapa. Msanii hupaka nta juu ya bamba la shaba, kisha huichora kwa sindano hadi shaba ionekane. Bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula mahali palipochorwa tu. Baadaye wino husuguliwa katika mifereji hiyo, uso wa bamba ukafutwa, na karatasi yenye unyevu ikakandamizwa juu yake kwa mtambo. Kwa kuwa bamba huchakaa, nakala huwekewa kikomo. Kila karatasi huandikwa namba yake kati ya jumla, na msanii hutia sahihi kwa kalamu ya risasi. Sahihi na namba hiyo ni ahadi kwa mnunuzi: kwamba mwenye kazi ameiona na kuikubali, na kwamba nakala hazitaongezwa kwa siri.

Mwaka 1896 na 1897 Vollard alitoa albamu mbili za chapa za wasanii mbalimbali, kila moja nakala 100. Wanunuzi walikuwa wachache, na albamu ya tatu haikutoka kamwe. Hata hivyo hakukata tamaa. Faida ya kuuza picha za rangi aliitumia kulipia mabamba, karatasi bora na wachapaji hodari. Mwaka 1913 alichapisha chapa ambazo Picasso alizichora miaka ya ufukara wake, baada ya mabamba kupakwa chuma ili yahimili nakala nyingi.

Hapa ndipo sifa yake na kasoro yake zinapokutana. Vollard hakuridhika upesi, wala hakuwa na haraka ya kumaliza. Mabamba 58 ya Georges Rouault yaliitwayo Miserere yalikwisha kuchapwa mwaka 1927, lakini hayakutolewa. Marc Chagall alimchorea mabamba ya hadithi za Gogol, za La Fontaine na za Biblia; yote yakabaki ghalani. Picasso naye alimtengenezea mabamba 100 kati ya mwaka 1930 na 1937, yakachapwa mwaka 1939 katika seti zaidi ya 300, yaani karatasi zaidi ya 30,000. Mwezi wa Julai mwaka huo huo Vollard akafa katika ajali ya gari, na baada ya wiki chache vita vikaanza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwana wa mwandika hati aliacha mambo yake yamefungamana. Rouault alilazimika kuwashtaki warithi ili arejeshewe picha zake ambazo hazijakamilika. Alishinda mwaka 1947, na mwaka uliofuata akazichoma moto zaidi ya 300, asitake zitoke na jina lake zikiwa pungufu. Miserere ilitolewa mwaka huo wa 1948, na kazi tatu za Chagall zikatoka mwaka 1948, 1952 na 1956. Chapa za Picasso nyingi zilinunuliwa na mfanyabiashara mwingine, Henri Petiet, aliyekuwa akimlipa Picasso kuzitia sahihi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Ndiyo maana leo nyingine zina sahihi na nyingine hazina, na bei zake hutofautiana. Picha nyingine zilizopitia mikononi mwake zilikutwa mwaka 1979 katika hazina ya benki mjini Paris, na mashauri juu yake yakaendelea hadi zilipopigwa mnada mwaka 2010.

Katika msukosuko huo, Réunion haikutoka mikono mitupu. Mwaka 1947 nduguye Lucien alilitunuku jumba la makumbusho la Léon Dierx mjini Saint-Denis kazi zaidi ya 150. Zawadi hiyo ilipata pa kufikia kwa sababu jumba lilikuwapo tangu miaka ya 1910. Lau lisingekuwapo, hapana shaka zingetawanyika kama nyinginezo.

Sisi tunaona funzo liko wazi. Kwa wasanii na wakusanyaji wetu: kazi ikamilishwe, itiwe namba na sahihi, na iandikwe katika daftari wakati mwenyewe angali hai. Kwa wakuu wa serikali: jumba, orodha na sheria havina budi kutangulia zawadi. Kisiwa kisichokuwa na mahali pa kuwekea hazina zake kisishangae kuziona zikinadiwa ng'ambo.