MAISHA YA HENRY MAUDSLAY, FUNDI WA CHUMA



Mara nyingi tunasikia watu wakisema kama kazi ya atelie ni ya wale walioshindwa na hesabu. Hata sisi wa mwaka wa sita tuliwaza vile zamani. Basi tumependa kuwaeleza habari za mtu mmoja aliyetufanya tuache mawazo hayo.

Henry Maudslay alizaliwa tarehe 22 Agosti 1771 kule Woolwich, karibu na London, katika nchi ya Uingereza. Alipokuwa na miaka 12 tu alianza kazi katika kiwanda cha silaha cha serikali, akijaza baruti. Kiisha wakamtia kwa maseremala, lakini roho yake ilikuwa kwa wahunzi. Alipofika miaka 15 wakamhamisha huko.

Akiwa na miaka 18, ndiyo umri wetu sisi tunaoandika, Joseph Bramah wa London akamwita. Bramah alitengeneza kufuli ngumu sana, zenye vipande vidogo vilivyopaswa kuwa sawa sawa kabisa. Maudslay akatengeneza vyombo vya kutoa vipande hivyo, na upesi akawa mkubwa wa atelie. Lakini mwaka 1797, mwenye mke na watoto, alikuwa anapata shilingi 30 tu kwa juma. Akaomba nyongeza, akakataliwa. Basi akaondoka, akafungua atelie yake mwenyewe. Si jambo dogo kuacha mshahara wakati watoto wanangoja chakula.

Wakati ule, fundi wa mashini ya kukereza chuma alishika chombo cha kukata kwa mkono. Mkono ukichoka, kazi inaharibika. Tena kila visi ilikuwa na ekru yake peke yake, ukizichanganya, haziingiliani. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake kufunga chombo juu ya kipande kinachoteleza. Maudslay akaifanya mashini yote kuwa ya chuma na kuinyoosha vizuri. Visi moja ndefu ilisukuma chombo, na magurudumu ya meno yaliiunganisha na kazi inayozunguka. Ukibadilisha magurudumu, unapata visi ya namna nyingine. Na visi mbili zikatoka sawa.

Baadaye alitengeneza mashini za Portsmouth, zilizowazwa na Marc Brunel, za kutoa kapi za kamba za meli. Watu 10 wakafanya kazi ya watu 110.

Siri yake ilikuwa nini? Alijua kama mashini haiwezi kutoa kazi iliyonyooka kuliko yenyewe. Katika atelie yake palikuwa na mabamba ya chuma yaliyosawazishwa sana, ili wafanyakazi wapime kazi yao juu yake. Alikuwa pia na chombo cha kupimia kilichoitwa Lord Chancellor, jina la hakimu mkubwa wa nchi wakati ule, kwa sababu kikiisha kukata neno hakuna pa kwenda kushitaki.

Hata leo sheria ni ile ile. Ukimaliza kazi, ondoa vumbi la chuma kwa burashi, panguza njia za kuteleza, kisha zipake mafuta. Vumbi likibaki, linakula chuma pole pole. Kipande kinachoteleza kikilegea, chombo kinatetemeka na kazi inatoka na mistari. Basi kaza visi ndogo za pembeni, kidogo kidogo, moja moja, huku ukikisogeza kutoka mwisho mpaka mwisho. Usijaribu katikati tu! Pale panapotumika sana ndipo palipolika zaidi. Ukikaza kwa kufuata hapo, kitakwama mahali pengine.

Maudslay alikufa tarehe 14 Februari 1831, baada ya kushikwa na baridi akirudi kutoka Ufaransa. Akazikwa Woolwich, alikozaliwa. Lakini wanafunzi wake walibaki: Richard Roberts, Joseph Clement, James Nasmyth, na Joseph Whitworth, ambaye mwaka 1841 alitoa kipimo kimoja cha visi kwa mafundi wote.

Wenzetu, aliyejaza baruti akiwa mtoto ndiye aliyewafundisha wakubwa hao. Mkiingia atelie kesho, msiache mashini na uchafu wake. Kazi ya atakayekuja nyuma yenu iko mikononi mwenu.