Bastola iliyompeleka Kimathi kitanzini

HAYATI Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, hakuhukumiwa kifo kwa mauaji wala kwa uasi. Alihukumiwa kwa kupatikana na bastola.

Alizaliwa mwaka wa 1920 katika kijiji cha Thege, Nyeri, akasoma Tumutumu. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, alijitosa katika misitu ya Nyandarua, akawa kamanda aliyeogopwa kuliko wote.

Wakati huo mlowezi alitakiwa kutembea na bastola yake na kulala nayo karibu, isije ikaibwa na kuishia mikononi mwa Mau Mau. Mwafrika aliyekutwa na silaha bila idhini alikabiliwa na kitanzi. Msituni wengi walitegemea bunduki za kujiundia kwa mabomba ya maji, hivyo bastola halisi ilikuwa mali adimu, na hatari kwa aliyeibeba.

Kimathi alijeruhiwa kwa risasi na kukamatwa Oktoba 21, 1956, akiwa amevaa ngozi ya chui. Mwezi uliofuata alishtakiwa Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor, kwa kumiliki bastola aina ya Webley na risasi zake. Alijitetea kwamba alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Utetezi huo, ambao kwa kweli ulistahili kupimwa kwa utulivu zaidi, ulikataliwa. Rufaa zake nazo zikagonga mwamba.

Alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, akazikwa humo humo katika kaburi lisilo na alama.