Sammy Wanjiru: Mwili mdogo, taji kubwa na mizani isiyoonekana

Muulize bondia yeyote, awe wa Nyeri mjini, Nanyuki au Nairobi, siku anayoiogopa zaidi ni gani. Wengi hawatakutajia siku ya pigano. Watakutajia siku ya mizani. Hapo ndipo jamaa anavua hadi nguo ya ndani, akiwa hajala vizuri kwa siku kadhaa na maji ameyakwepa tangu jana, ilmradi asipite kilo za uzani wake. Akizidisha, pigano linaweza kufutwa. Akijikausha maji ili apite, anaingia ulingoni miguu mizito na pumzi fupi, na madaktari wa michezo huonya kwamba mwili uliokaukiwa maji huvumilia makonde kwa shida zaidi.

Mkimbiaji wa marathon hana siku kama hiyo. Hakuna ofisa anayemsimamisha kwenye mizani kabla ya mbio. Anaweza kunenepa kimyakimya, akapunguza haraka, akaongeza tena, na hakuna mtu atakayemzuia kusimama mstarini. Kisa cha Samuel Kamau Wanjiru kinaonyesha kwamba uhuru huo una gharama yake.

Wanjiru alizaliwa Novemba 10, 1986, Nyahururu, mji wa baridi ulio upande wa pili wa milima ya Aberdare ukitazama kutoka Nyeri. Nyumbani hakukuwa na kitu. Alilelewa na mamake, Hannah Wanjiru, na jina lililokuja kujulikana dunia nzima ni la huyo mama. Alianza kukimbia akiwa mtoto mdogo, kwenye barabara za udongo zilizo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Kimo chake kilipita mita 1.6 kwa sentimita chache tu, na uzani wake alipokuwa fiti ulikuwa kilo 50 na kidogo. Angechagua glavu, angepangwa na wale wepesi kabisa. Enzi hizo, katika ndondi za ridhaa, uzani wa fly ulikomea kilo 51 na bantam kilo 54. Kenya si mgeni kwa mabondia wadogo: Stephen Muchoki alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978 jijini Belgrade katika kilo 48. Lakini ulingoni mdogo hulindwa na sheria, hapigani na mtu wa kilo 80. Barabarani hakuna madaraja. Mrefu, mfupi, mzito na mwepesi, wote wanaondoka kwa mlio mmoja wa bunduki.

Na hapo ndipo udogo unageuka kuwa silaha. Kila hatua unayopiga, unaubeba mwili wako wote. Kilo moja ya ziada si kitu ukivuka barabara kwenda dukani, lakini ukiibeba kilomita 42 itakudai. Kuna pia suala la joto. Mwili mdogo huzalisha joto kidogo ukikimbia, na una ngozi nyingi ukilinganisha na uzani wake, kwa hivyo hupoa upesi. Mwili mkubwa huchemka mapema.

Mwaka 2002, akiwa na miaka 15, Wanjiru alipelekwa Japani kusoma katika shule ya upili ya Sendai Ikuei. Hebu fikiria: kijana wa Nyahururu, hajui Kijapani, hana ndugu karibu. Huko maisha yalikuwa ya ratiba. Kuamka, kula, kukimbia, kulala, yote kwa saa. Baadaye alijiunga na timu ya Toyota Kyushu chini ya kocha Koichi Morishita, aliyeshinda fedha ya marathon kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992. Hakuhitaji kujichunga kilo, maana mfumo wenyewe ulimchunga.

Matokeo yalikuja haraka. Septemba 2005, akiwa bado na miaka 18, alivunja rekodi ya dunia ya nusu marathon kwa dakika 59 na sekunde 16. Kufikia Machi 2007 alikuwa ameishusha hadi 58:33. Desemba mwaka huo alikimbia marathon yake ya kwanza, Fukuoka, na akashinda.

Kisha ikaja Beijing 2008. Wiki moja kabla ya mbio zake, Catherine Ndereba wa Nyeri alikuwa ametwaa fedha upande wa wanawake. Agosti 24 ikawa zamu ya wanaume, na joto lilikuwa linapanda. Wataalamu walitarajia watu watambae mwanzoni, wasubiri kilomita za mwisho. Wanjiru hakusubiri. Alikimbia kana kwamba kuna baridi ya Nyahururu, akawachosha wenzake mmoja baada ya mwingine, na kumaliza kwa saa 2:06:32. Rekodi ya zamani ya Olimpiki, 2:09:21, ilikuwa imedumu tangu 1984. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathon ya Olimpiki, na aliyeileta alikuwa na miaka 21.

Mwaka uliofuata alishinda London na Chicago. Doo ikamiminika. Mara mbili mfululizo alitwaa taji la msururu wa marathon kuu za dunia, na kila taji lilikuwa na zawadi ya dola 500,000. Lakini maisha yalikuwa yamebadilika. Ratiba ya Japani haikuwepo tena. Nyahururu alikuwa tajiri katikati ya marafiki wengi, na waliomjua walizungumzia pombe, kukesha na mazoezi yaliyorukwa. Mwili uliokuwa umeshika kilo zilezile kwa miaka ukaanza kupanda na kushuka. Aprili 2010 alijitoa katikati ya mbio za London kwa sababu ya goti.

Oktoba 2010 alirudi Chicago. Alikuwa amechelewa kuanza mazoezi ya maana, alikuwa ameongeza uzani na kulazimika kuupunguza kwa haraka, na siku chache kabla ya mbio tumbo lilimsumbua. Kocha wake Mwitaliano, Claudio Berardelli, alijua kijana hajaiva. Muethiopia Tsegaye Kebede alimshambulia tena na tena, Wanjiru akaachwa, akarudi, akaachwa, akarudi. Katika dakika za mwisho alichomoka na kushinda kwa 2:06:24. Wapenzi wengi wa riadha bado wanaziita mbio hizo miongoni mwa fainali tamu kuwahi kuonekana.

Tamu, ndiyo, lakini zilifunza somo baya. Bondia anayejikausha maji na bado akashinda huondoka akiamini njia hiyo inafanya kazi. Chicago ilimwambia Wanjiru kwamba kipaji kinaweza kulipa deni la miezi kadhaa kwa wiki chache. Goti lilijua zaidi. Kila kilo inayoongezeka huongeza mzigo kwenye goti mara elfu nyingi katika mbio moja, na misuli iliyopumzika sana haiko tayari kuubeba. Mwaka 2011 ulipoanza, matatizo ya nyumbani yalikuwa yamefika kwa polisi, na jeraha lilimzuia kurudi London.

Usiku wa Mei 15, 2011, Wanjiru alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu na kufariki. Alikuwa na miaka 24. Jinsi kifo hicho kilivyotokea kulibishaniwa kwa miaka, nyumbani na mahakamani.

Kwa kijana anayepiga jogi asubuhi Karatina au kupiga begi la mchanga Nyeri, swali la kilo si la siku moja ya mizani. Kujinyima chakula na maji wiki ya mwisho hakujengi mtu, awe wa ulingoni au wa barabarani. Kilo ambazo mwili unashika vizuri ni zile zinazotokana na usingizi, chakula cha kawaida na mazoezi ya kila siku, na watu wa karibu wanaoweza kukwambia umeanza kuteleza.

Eliud Kipchoge, mwenye mwili mdogo vilevile, alizaliwa miaka miwili kabla ya Wanjiru. Aliishi maisha ya kambi, akashinda dhahabu ya marathon ya Olimpiki mwaka 2016 akiwa na miaka 31, na nyingine 2021 akiwa na 36. Lakini hata yeye hakuigusa rekodi ya Beijing. Ilisimama miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja jijini Paris mwaka 2024, kwa sekunde sita tu. Wakati wa mbio za Kipchoge za 2016, Wanjiru angekuwa na miaka 29.