William Sutherland: Daktari aliyeona shavu la samaki kwenye fuvu la mtu

Msimbati, kando ya Ghuba ya Mnazi mkoani Mtwara, mnunuzi akitaka kujua kama samaki ni wa leo hufunua shavu na kutazama ndani. Shavu kama hilo ndilo lililobadili maisha ya Mmarekani William Garner Sutherland, mtu ambaye kazi yake ilizaa tiba ya kraniosakra, ile ya kugusa kichwa na mgongo taratibu bila dawa wala kisu.

Alizaliwa Wisconsin mwaka 1873. Ujanani alifanya kazi magazetini, na mwaka 1898 akaenda Kirksville, Missouri, kwenye chuo cha Andrew Taylor Still. Huyu Still alikuwa amepoteza watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864, akakata tamaa na dawa za zama zake na kuanzisha ostiopathi, tiba ya mikono.

Chuoni hapo Sutherland aliona fuvu lililotenganishwa mfupa mmoja mmoja. Kingo za mfupa wa panja zilikuwa zimekatwa mshazari, akakumbuka mashavu ya samaki. Samaki huyafungua na kuyafunga ili apumue. Je, kichwa cha mtu nacho kina mwendo wake?

Yeye mwenyewe aliona wazo hilo ni la kichaa. Vitabu vilisema fuvu la mtu mzima halichezi, basi akaanza kuchunguza ili ajithibitishie kwamba amekosea. Na majaribio aliyafanya juu ya kichwa chake mwenyewe! Alijitengenezea kofia yenye mikanda ya ngozi, akawa anakaza hapa, analegeza pale. Kichwa kilimuuma, na mkewe, Adah, aliona hata tabia yake ikibadilika.

Mwaka 1939 alichapisha kijitabu chake, The Cranial Bowl. Madaktari wengi hawakukitilia maanani, ila wanafunzi wachache walimfuata. Aliwafundisha kugusa kwa wepesi mno, mkono usikilize kuliko kusukuma.

Alikuwa sahihi? Kwa mtoto mchanga, mifupa ya kichwa kweli haijashikana. Kila mama anayemkanda mwanawe anaujua utosi. Kwa mtu mzima mambo ni mengine. Watafiti walipowapa wataalamu wawili mgonjwa mmoja wapime mdundo wa kichwa chake, majibu hayakulingana, na hadi leo hakuna ushahidi thabiti kwamba tiba hii inaponya ugonjwa wowote. Wapo wanaosema imewatuliza, na kutulia si jambo dogo, lakini mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa ni wa kukimbizwa hospitali.

Sutherland alifariki California mwaka 1954. Jina la kraniosakra lilikuja miaka ya 1970 kupitia John Upledger, aliyewafundisha hata wasio madaktari. Adah, shahidi wa ile kofia, aliandika maisha ya mumewe na kuyatoa kitabuni mwaka 1962.