Sayyid Abdallah na Magofu ya Pate

Ndugu Waislamu, leo tunamkumbuka Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mwanachuoni na mshairi wa Pate aliyeishi karne ya 18 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Pate, iliyotajirika kwa biashara ya baharini, ilikuwa imeanguka. Katika utenzi wake, Al-Inkishafi, aliuonya moyo wake kwa kuuonesha majumba ya matajiri: madaka yaliyopangwa sahani yamekuwa malazi ya makinda ya ndege, na makinda ya popo yananing'inia juu. Tukizingatia, ndege hawakumdhulumu mtu; riziki na makazi hugawa Mola wao na wetu. Nasi hapa Kiwalani, shomoro akijenga darini, tuwaambie watoto: sote tu wapangaji, Mwenye nyumba ni Mmoja. Allah amrehemu Sayyid. Amin.