Karatasi za Walter Rodney

Ndugu msomaji, bila shaka umesikia habari za manamba. Hao ni watu waliotolewa mbali na kwao kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro wakati wa ukoloni. Kila mmoja alipewa kipande. Alipotimiza siku 30 za kazi, ndipo alipolipwa. Wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika. Walioandika habari zao ni mabwana shauri na wenye mashamba.

Mwalimu mmoja wa historia alizitafuta habari hizo pamoja na wenzake wawili. Kazi yao ilichapwa mwaka 1983. Wakati huo mwalimu huyo alikuwa amekwisha kuuawa. Jina lake ni Walter Rodney.

Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 mjini Georgetown, nchini Guyana. Nchi hiyo iko Amerika ya Kusini, na wakati ule ilitawaliwa na Waingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mama yake pia alishona nguo. Mtoto wao alisoma kwa bidii mpaka akapata shahada ya udaktari mjini London mwaka 1966. Alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Ili aweze kusoma karatasi za kale za biashara ya watumwa, alijifunza Kireno na Kihispania.

Mwaka huohuo alikuja kufundisha Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mwaka 1968 alikwenda kufundisha Jamaica. Huko alipenda kukaa na maskini wa mjini na kuzungumza nao habari za Afrika. Serikali ya Jamaica haikupendezwa. Mwezi Oktoba ikamzuia asiingie tena nchini. Akarudi Dar es Salaam mwaka 1969, akafundisha hapo mpaka 1974. Mwaka 1972 alitoa kitabu chake mashuhuri, kinachoeleza jinsi Ulaya ilivyoifanya Afrika ibaki nyuma.

Kisha akarudi kwao. Chuo Kikuu cha Guyana kilikuwa kimemchagua kuwa profesa wa historia, lakini serikali ikamnyima kazi hiyo. Iliogopa maneno yake. Fikiri, mtu ana mke na watoto watatu, na nchi yake haitaki afundishe.

Rodney hakuacha kazi. Alisoma karatasi za zamani za Guyana, akaandika historia ya vibarua wa nchi hiyo. Pwani ya Guyana iko chini, na bahari ikijaa maji hufunika ardhi. Ili miwa iote, ilibidi kuchimba mifereji na kujenga matuta ya kuzuia maji. Rodney alionyesha kwamba watumwa walihamisha tani milioni 100 za udongo kwa koleo. Wewe uliyelima wakati wa masika unajua uzito wa udongo uliolowa! Jioni aliwafundisha watu chini ya nyumba zao, kwa maana nyumba nyingi za huko husimama juu ya nguzo. Waliokuja ni wajukuu wa watumwa wa Kiafrika na wajukuu wa Wahindi walioletwa kulima miwa. Wanasiasa walizoea kuwagombanisha watu hao. Yeye aliwakalisha pamoja.

Usiku wa tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ndani ya gari na mdogo wake mjini Georgetown. Alikuwa amepewa chombo akaambiwa ni redio ya kuzungumzia. Kumbe ndani mlikuwa na bomu. Alikufa akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka 2016 tume ya uchunguzi ilieleza kwamba aliyempa chombo hicho alikuwa askari wa jeshi, na kwamba Waziri Mkuu wa wakati ule, Forbes Burnham, alijua mpango huo.

Kitabu chake juu ya vibarua kilichapwa mwaka 1981. Karatasi nyingine zilibaki kwa mkewe, Patricia, na watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizikabidhi kwa maktaba ya vyuo vya Atlanta, nchini Marekani, vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Humo mna barua, hotuba, masomo aliyofundisha na maandishi ya vitabu vyake. Kila karatasi imewekwa ndani ya jalada, na kila jalada ndani ya sanduku lenye namba. Anayetaka kuzisoma huletewa mezani, lakini haruhusiwi kuondoka nazo. Huko Georgetown, nyumba ya nyaraka za taifa sasa inaitwa kwa jina lake.

Lakini kulikuwa na karatasi moja iliyomdharau, nayo ni cheti chake cha kifo. Mahali pa kazi ya marehemu, karani aliandika kwamba hakuwa na kazi. Neno hilo lilikaa miaka 41. Mwaka 2021 serikali ya Guyana iliamua lifutwe, na mahali pake paandikwe: profesa.