Johann Sebastian Bach, Fundi wa Nyimbo

Katika mji wa Eisenach, nchi ya Ujerumani, alizaliwa mtoto mwaka 1685, akaitwa Johann Sebastian Bach. Jamaa yake walikuwa wapigaji wa vinanda na fidla tangu mababu. Kama vile mwana wa mhunzi azoeavyo nyundo, ndivyo watoto wa ukoo ule walivyozoea muziki. Lakini raha ya nyumba yao haikudumu. Sebastian alipokuwa na umri wa miaka tisa mama yake alikufa, na kabla ya mwaka kupita baba yake naye akafa. Yatima yule akachukuliwa na kaka yake mkubwa, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa katika mji wa Ohrdruf.

Kaka yake akamfundisha kupiga kinanda, na mtoto akajifunza upesi mno. Baada ya Bach kufa, mwanawe alisimulia habari za siku zile. Kaka huyo alikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa mkono, chenye nyimbo za mafundi mashuhuri, naye alikifungia katika kabati lenye wavu mbele. Sebastian aliomba apewe, akanyimwa. Basi usiku, watu walipolala, aliingiza mkono wake mdogo katika wavu, akakikunja kitabu na kukitoa, akanakili kwa mwanga wa mbalamwezi, maana hakuwa na taa. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Kaka yake alipogundua, akamnyang'anya nakala yote. Mtoto alilia kwa ajili ya karatasi zake. Hata hivyo, yale aliyoyaandika neno kwa neno yalikuwa yamekwisha kuingia kichwani mwake, wala hakuna aliyeweza kuyatoa.

Hata alipokuwa kijana, Bach alipata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa katika mji wa Arnstadt. Mwaka 1705 alisikia habari za mzee Buxtehude, mpiga kinanda hodari wa mji wa Lübeck. Akaomba ruhusa ya wiki nne, akaenda kwa miguu safari ya kilometa 400 hivi. Alipomsikia mzee yule alisahau siku, akakaa karibu miezi minne. Aliporudi, wakubwa wa kanisa walimkemea kwa mambo mawili: kwanza, kwa kuchelewa kwake, pili, kwa kuwa alizichanganya nyimbo za ibada na sauti ngeni, hata watu wakapotea katikati ya kuimba.

Baadaye alihamia Weimar, akawa mtumishi wa mtawala wa mji huo. Huko zilifika nyimbo za Antonio Vivaldi, fundi wa Italia, zilizotungwa kwa fidla nyingi. Bach akazitwaa, akazitengeneza upya ili zipigwe kwa kinanda peke yake. Hakuiga kama kasuku. Mahali palipokuwa na sauti chache aliongeza nyingine, na sauti za chini akazipa mwendo wao wenyewe. Miaka mingi baadaye alichukua wimbo wa Vivaldi wa fidla nne, akaugeuza kuwa wa vinanda vinne. Siku zile mafundi hawakuona kuwa ni wizi kuutwaa wimbo wa mwenzao na kuufanyia kazi. Ilikuwa njia ya kujifunza.

Mwaka 1717 Bach alitaka kuondoka Weimar aende Köthen. Mtawala akakasirika, akamtia kifungoni karibu wiki nne, kisha akamwacha aende. Huko Köthen msiba ulimpata. Mwaka 1720 alirudi kutoka safarini, akakuta mkewe Maria Barbara amekwisha kufa na kuzikwa. Mwaka uliofuata alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji, ambaye alimsaidia sana kunakili nyimbo zake. Kwa wake hao wawili Bach alipata watoto 20, lakini nusu yao walikufa wangali wadogo.

Tangu mwaka 1723 alikaa Leipzig, akiwafundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thomas kuimba, na kutunga nyimbo za ibada. Kazi yake iliyo kuu ni ile ya mateso ya Bwana kama yalivyoandikwa na Mathayo. Ndani yake mna sauti ya wimbo mmoja irudiayo mara kadhaa. Wimbo huo ulitungwa na Hans Leo Hassler, ukapigwa chapa mwaka 1601, nao ulikuwa wimbo wa mapenzi. Baadaye Wakristo waliupa maneno ya msalaba, na Bach akaupamba kwa namna mbalimbali kila uliporudi. Mwisho wa kazi zake nyingi aliandika herufi S.D.G., maana yake utukufu ni wa Mungu peke yake.

Uzeeni macho yake yaliharibika. Mganga alimpasua mara mbili, asipone, na tarehe 28 Julai 1750 akafa. Mjane wake alikufa katika umaskini mwaka 1760. Watu wengi waliisahau kazi ya Bach, isipokuwa walimu wachache na wanafunzi wao. Ndipo mwaka 1829 kijana Felix Mendelssohn, mwenye umri wa miaka 20, alipoongoza waimbaji katika Berlin kuimba yale mateso ya Mathayo, na watu wakastaajabu kwa hazina waliyokuwa wameiacha.

Karne ya ishirini wapigaji wa vyombo vya umeme nao walimwendea Bach, kama yeye alivyomwendea Vivaldi. Mwaka 1968 Wendy Carlos wa Marekani alitoa sahani ya nyimbo za Bach zilizopigwa kwa kinanda cha umeme, ikanunuliwa na watu wengi sana. Mwaka 1969 kundi la Kiingereza liitwalo Jethro Tull, wapigaji wa muziki wa roki, walitwaa wimbo wake wa kinanda cha nyuzi, wakaupiga kwa filimbi, gitaa na ngoma. Na mwaka 1973 Paul Simon wa Marekani aliutwaa ule wimbo wa Hassler uliopambwa na Bach, akautilia maneno mapya juu ya nchi yake.

Wako waliochukia, wakisema kwamba kitu kitakatifu kimetiwa uchafu. Lakini wakubwa wa Arnstadt nao walimchukia Bach kwa sauti zake ngeni, na wimbo wa msalaba wenyewe ulianza kuwa wimbo wa mapenzi. Kazi njema haiharibiki kwa kupita katika mikono mingi, iwapo kila mkono umejitaabisha kama yule mtoto aliyeandika kwa mbalamwezi.